Salfa Hailali Nje

Mwalimu Tabitha alikuwa na dharau za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa watu wasiojua, na hiyo aliificha, maana mshahara wake ulitoka humo humo kwenye kutojua kwa watu. Ya pili ilikuwa kwa watu wanaojua wakajifanya hawajui. Hiyo hakuwahi kujisumbua kuificha. Jumatatu moja ya Julai, fundi Bakary aliposhuka kwenye bodaboda iliyomleta kutoka Nachingwea, akajikung'uta vumbi la suruali na kuuliza, "Haya, mgonjwa yuko wapi?", Tabitha alimtazama mara moja tu akajua ni dharau ipi ingetumika siku hiyo.

Mgonjwa alikuwa laptopu pekee ya Sekondari ya Nanjulu, upande wa Ruangwa. Nyeusi, nene, iliyonunuliwa miaka kumi na moja iliyopita, na hata siku ya kununuliwa ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. Ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Masoudi, juu ya meza ndogo ya pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Kitambaa kilifumwa na Mwanawetu, mhudumu wa ofisi, aliyeamini kwamba kitu cha serikali kisipofunikwa huonekana hakina mwenyewe. Chini ya meza hiyo ilipangwa mifuko saba ya salfa, ile poda ya njano ya kupulizia mikorosho, kwa ajili ya shamba la shule. Ruangwa nzima inajua kwamba salfa hailali nje. Huibwa kabla ya kuku. Na kwa kuwa shule nzima ilikuwa na mlango mmoja tu wenye kufuli la uhakika, vitu vya thamani vililala pamoja.

Kwa wiki mbili laptopu ilikuwa ikichukua dakika kumi na moja kuwaka. Ikishawaka ilivuma kama mashine ya kusaga, kisha ikazimika yenyewe katikati ya neno. Mwalimu Masoudi hakuhitaji ushahidi zaidi. Alitangaza kwamba mashine ile imezeeka, na kwamba mtihani wa majaribio wa kidato cha nne utachapwa tena Nachingwea, kwenye duka la Bakary karibu na stendi, kama mwaka jana.

Mwaka jana ndio uliomkaa Tabitha kooni. Alikuwa ameandika mtihani wa hisabati kwa mkono, na majibu yake kwenye karatasi nyingine, akavipeleka vyote kwa Bakary. Katika swali la saba Bakary alikosea: Tabitha aliandika 63, yeye akachapa 36. Mstari wa mwisho wa swali lile ulitaka namba hiyo igawanywe kwa tatu, kwa hiyo jibu la swali lililochapwa lilikuwa kumi na mbili. Wanafunzi arobaini na mmoja kati ya themanini na wanne waliandika ishirini na moja. Yaani walipata jibu sahihi la swali ambalo hawakuulizwa. Mmoja wao alithubutu hata kuonyesha njia: 36 ÷ 3 = 21.

Tabitha aliipeleka karatasi hiyo kwa Mwalimu Masoudi. Mkuu aliitazama, akasema, "Bahati nayo ipo, Madam." Wastani wa shule ulikuwa hamsini na nane, na alikwisha kupigiwa makofi kwenye kikao cha wakuu wa shule.

Kwa hiyo asubuhi hiyo Tabitha hakuwa akiitetea mashine kwa mapenzi. Hakuipenda. Kitufe chake cha K kilihitaji kupigwa mara mbili, na kioo chake kilikuwa na alama ya jino la panya. Ila mtihani ukichapwa pale shuleni, hautoki. Ukienda stendi ya Nachingwea, utafika kwa wanafunzi kabla ya yeye kurudi Nanjulu. Ilikuwa hesabu fupi.

"Duh!" Bakary alisema alipokiondoa kitambaa. "Mkuu, hii si laptopu. Hii ni urithi."

Mwalimu Masoudi akacheka, akiwa ameshika tumbo kwa heshima. "Si nilikwambia, fundi? Mzee huyu."

"Tatizo lake nini?" Tabitha aliuliza.

"Umri, Madam. RAM ikikaa sana inachoka."

"Inachokaje?"

"Inachoka tu. Kama sisi."

"Mimi sijachoka."

"Madam Tabitha," mkuu alisema kwa sauti ya kusuluhisha, "mwache mtaalamu afanye kazi."

Mtaalamu alitoa bisibisi, akafungua skrubu za kifuniko cha chini moja baada ya nyingine, akizipanga mezani kama mtu anayepanga dawa. Kifuniko kilipotoka, ndani kulionekana tabaka la njano, laini, limeganda kwenye mapezi ya feni na kuziba kabisa tundu la kutolea joto.

"Hiyo hapo!" Bakary alisema, akinyoosha bisibisi. "Mnaona? Kutu ya uzee. Inaanza kwenye feni, inaingia kwenye ubongo. Ikifika hapa, ndugu zangu, ni kuzika tu. Mimi naweza kuichukua nikaisaidia kuwa spea."

Katika ofisi ile walikuwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mgeni wa mikorosho. Mwalimu Masoudi alikuwa na ekari zake Chunyu. Mume wa Mwanawetu alipuliza mashamba ya watu Mandawa yote. Tabitha alilelewa Nkowe, kwenye nyumba ambayo kuanzia Juni hadi Agosti hata chai ilikuwa na ladha ya salfa. Na Bakary mwenyewe, huyu mtaalamu, macho yake yalikuwa mekundu kingoni na kucha zake zilikuwa na ukingo wa njano, kwa maana Jumapili alikuwa shambani kwake na pampu mgongoni.

"Fundi," Tabitha alisema, "nusa."

"Ninuse nini?"

"Kutu yako."

Bakary hakunusa. Mwanawetu, ambaye hakuwa na cheo cha kulinda, aliinama, akavuta pumzi, akapiga chafya mbili.

"Hee! Jamani, hii si salfa ya Mkuu?"

"Ya shule," Mwalimu Masoudi alisema haraka.

"Ya shule, Mkuu, nisamehe. Lakini ni salfa. Kumbe mashine imepulizwa!" Mwanawetu akajipiga paja. "Basi tungoje Oktoba, izae."

Bakary aligeuka kumwangalia mkuu, mkuu akaangalia dirisha. Tabitha aliwaacha waangaliane. Alijua kwamba kila mmoja wao alikuwa ameitambua ile poda tangu kifuniko kilipofunguka. Mtu wa Nachingwea asiyeijua salfa ni kama mchungaji asiyejua harufu ya mbuzi. Walikuwa wamekubaliana bila kusema neno kwamba wasiijue.

"Hata kama ni salfa," Bakary alisema hatimaye, "uzee uko pale pale. Mashine ya zama hizi ni hii." Akafungua begi na kuitoa ya kwake: nyembamba, ya rangi ya fedha, inayong'aa kama sahani ya harusi. "Hii ndiyo mashine ya kazi, Mkuu. Ile ya kwenu haifai hata kwa matumizi ya kawaida."

"Matumizi ya kawaida ni yapi?" Tabitha aliuliza.

"Ya kila siku."

"Yataje."

Basi Tabitha akayataja yeye, akiyaandika kwenye ubao mdogo wa ratiba: kuchapa ukurasa mmoja wa hisabati, kukokotoa wastani wa wanafunzi themanini na wanne wa mwaka jana, kutoa nakala kwenye printa ya shule. Hizo ndizo kazi ambazo laptopu ile ilifanya mwaka mzima. Mashine zote mbili zizifanye, saa ya ukutani ihukumu.

Mwalimu Masoudi alifikiri. Alikuwa mtu aliyependa haki pale alipokuwa na uhakika itamwangukia mwenzake. "Sawa," akasema. "Ya shule ikizimaliza zote kabla ya adhuhuri, mtihani utachapwa hapa. Ikishindwa hata moja, Madam, unampa fundi maswali yako leo hii, aondoke nayo. Bila maneno."

"Bila maneno," Tabitha alisema.

Kisha alimtuma Mwanawetu akaazime pampu ya baiskeli kwa mlinzi. Waliipeleka laptopu barazani. Tabitha aliizuia feni kwa kijiti cha kiberiti isizunguke, akaelekeza mpira wa pampu kwenye mapezi, na Mwanawetu akasukuma kwa nguvu za mtu aliyezaa watoto sita. Wingu la njano likatoka, likamkuta Bakary mlangoni. Alipiga chafya hadi miwani ikaanguka.

"Pole, fundi," Mwanawetu alisema. "Ndiyo uzee huo unatoka."

Saa nne na dakika kumi wakaanza. Mashine ya Bakary iliwaka kwa sekunde kumi na nne. Ile ya shule iliwaka kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Bakary alicheka kwa sauti, na Tabitha aliandika namba zote mbili ubaoni kama zilivyo, maana zilikuwa kweli. Katika kuchapa hakukuwa na tofauti ya maana. Vidole vyao ndivyo vilivyochelewa. Wastani, mashine mpya iliutoa mara tu Bakary alipobonyeza. Ya zamani ilifikiri kwa sekunde tatu, ikatoa namba ile ile. Tabitha akaandika hilo pia. Haikuzimika, wala haikuvuma.

Ikabaki printa. Printa ya shule ilikuwa na umri mmoja na laptopu, na zilijuana. Tabitha alichomeka waya, akabonyeza, karatasi ikatoka ikiwa na joto. Bakary alichomeka waya wake, mashine yake ikaandika kwamba haikitambui kifaa hicho na kwamba aunganishe mtandao ipate programu. Mtandao Nanjulu hupatikana mahali pamoja: juu ya kichuguu nyuma ya choo cha walimu. Bakary alitoka na ile sahani yake ya harusi kifuani. Waliomwona kupitia dirisha waliona mtu amesimama juu ya kichuguu, ameinua laptopu angani kwa mikono miwili. Alirudi saa saba kasoro, chaji imekwisha.

"Hapa kwenu hakuna mtandao," alilalamika.

"Tunajua," Tabitha alisema. "Ndiyo kawaida yetu. Matumizi ya kawaida hufanyika kwenye kawaida ya mtu."

Kwa kuwa alitaka mambo yawe sawa, kabla ya kufunga aliijaribu ile ya shule kwa video iliyokuwa kwenye flashi. Sauti ilikwenda, picha ikaganda mzungumzaji akiwa mdomo wazi. Akaandika ubaoni: Video, haifai. Kuchapa, hesabu na nakala, inafaa. Iwekwe mbali na salfa.

Mwalimu Masoudi alisoma ubao, akasema kwamba neno lake ni neno. Mtihani ulichapwa pale pale, Tabitha akiwa amejifungia na ufunguo mfukoni, na majibu akayaweka kichwani tu. Bakary alirudi Nachingwea na bisibisi yake. Salfa haikuhamishwa. Ingehamia wapi?

Matokeo yalitoka wiki tatu baadaye. Swali la saba lilikuwa lile lile la mwaka jana, mara hii na 63 yake sahihi. Kati ya watahiniwa sabini na tisa, tisa walilipata. Wastani wa shule ulikuwa ishirini na saba.

Kwa Tabitha, hiyo ilikuwa namba ya kwanza ya kweli aliyoiona Nanjulu kwa miaka miwili. Ilikuwa mbaya, lakini ilieleza mahali pa kuanzia: watoto hawajui kugawanya, na mtihani wa taifa ni Novemba. Aliingia kwenye kikao cha walimu akiwa na orodha ya mada na ratiba ya vipindi vya jioni.

Mwalimu Masoudi alisimama. "Ndugu walimu, takwimu hazidanganyi. Mwaka jana tulichapa kwa mashine ya kisasa, tukapata hamsini na nane. Mwaka huu tumechapa kwa mashine mzee, tumepata ishirini na saba. Sihitaji kusema zaidi."

Tabitha alingoja mtu acheke. Alitazama meza nzima. Walimu kumi na mmoja, wanane wenye shahada, wawili wa sayansi. Mmoja aliitikia kwa kichwa. Mwingine alisema kwamba hata yeye alihisi maandishi ya safari hii yalikuwa hafifu, na huenda watoto hawakusoma vizuri. Mwanawetu, aliyekuwa akigawa chai, ndiye pekee aliyemtazama Tabitha, akauma midomo na kuendelea kumimina.

"Mkuu," Tabitha alisema, "swali la saba..."

"Madam, mambo ya swali la saba tuliyamaliza mwaka jana."

Kikao kiliazimia, bila kupingwa isipokuwa na mtu mmoja, kwamba laptopu ya shule haifai tena kwa matumizi ya kawaida na iondolewe, na kwamba mitihani yote ijayo ichapwe Nachingwea. Tabitha alikuwa katibu wa kikao. Alipoomba vipindi vyake vya jioni viingizwe kwenye azimio, mkuu alisema viingie kwenye mengineyo.

"Huo muhtasari nautaka leo," aliongeza. "Nakala tatu, nipeleke wilayani kesho."

Tabitha aliingia ofisini, akaondoa kitambaa cha maua mekundu, akaipuliza meza kwa mdomo na kuwasha mashine. Dakika mbili na sekunde arobaini. Alichapa azimio neno kwa neno, akikipiga kitufe cha K mara mbili kila kilipohitajika. Aliongeza kwenye mengineyo mistari mitatu ya vipindi vya jioni, na mstari wa nne: kwamba muhtasari huu umechapwa na kutolewa nakala kwa mashine iliyotajwa hapo juu.

Nakala tatu zilitoka safi. Mwalimu Masoudi alizitia sahihi zote bila kusoma, akazisifu kwa maandishi yake mazuri, akafunga mlango kwa kufuli.