Maneno Mia Sita ya Mwalimu Ayoubu

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya ndoa yake, Sifa aligundua kwamba simu ya baba yake inakufa kutoka juu kwenda chini. Ilikuwa imeanguka kwenye saruji jana yake, ikapata ufa mdogo pembeni, na watu wote wa nyumbani wakashukuru kwamba bado inawaka. Sasa sehemu ya juu ya kioo, upana wa kidole kimoja, haikusikia mguso. Sifa akabonyeza, akafuta kwa upindo wa kitenge, akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Kwa mtu mwingine ingekuwa simu tu. Kwa Mwalimu Ayoubu ilikuwa mdomo. Miaka mitatu iliyopita madaktari wa Bukavu walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Alirudi Kasongo na kitambaa shingoni na simu mkononi: yeye anaandika, simu inasoma. Mwanzoni ilimtesa. Kila akiandika mutoto, simu iliweka mtoto. Akiandika jina la kijiji cha mama yake, iliweka upuuzi wake yenyewe. Mtu aliyesahihisha madaftari ya wengine miaka ishirini na minane, leo anasahihishwa na mashine! Basi akakaa na Sifa, jioni baada ya jioni, wakaifundisha. Waliingia kwenye kamusi binafsi ya simu, wakaongeza neno moja moja: maneno ya Kasongo, maneno ya Kibangubangu, majina ya majirani. Kisha wakavumbua kwamba herufi mbili tatu zinaweza kubeba sentensi nzima. Akiandika mj, simu inatandaza: "Nipatie maji." Akiandika kwl: "Kweli kabisa, lakini ngoja nimalize." Hii ya mwisho aliitumia sana kwa ndugu yake Iliasi, ambaye hakuwahi kungoja mtu amalize. Mpaka mwaka huu maneno mia sita na zaidi yalikuwa humo.

Na kesho, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya wageni kutoka Kabambare, Mwalimu Ayoubu alitakiwa kutamka kwamba anamwozesha binti yake.

Simu mpya ilikuwepo. Heri, mchumba wa Sifa, nesi wa kituo cha afya huko Kabambare, aliituma wiki iliyopita, na Sifa akaiacha ndani ya boksi akidhani muda upo. Aliiwasha sasa, akaandika kwl. Simu mpya ikampa kwl.

"Sifa! Hina iko tayari!" Shangazi Binti aliita kutoka uani.

"Ninakuja, shangazi."

Hakwenda. Vidole vyenye hina mbichi haviwezi kugusa kioo. Alitumbukiza simu zote mbili katika mfuko, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita kuelekea sokoni.

Consolée alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu nyuma ya wauza mawese. Alikuja upande huu akifuata dhahabu ya Lusangi, dhahabu ikamchosha, akabaki na simu za watu. Aliichukua simu iliyopasuka, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Kioo ya hii haiko Kasongo," alisema. "Labda Kindu. Labda Bukavu."

"Mimi sitaki kioo, mama. Ninataka maneno yake yatoke."

"Basi fanya mbio. Na usizime. Ukizima, sijui kama itaamka."

Sifa aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijua njia: mipangilio, kibodi, kamusi, kisha vidoti vitatu vya pembeni juu, na hapo ndipo penye amri ya kutoa orodha yote. Akafika kwenye kamusi. Vidoti vitatu alikuwa anaviona kabisa, lakini vilikuwa ndani ya sehemu iliyokufa. Alibonyeza mara kumi, mara ishirini. Sehemu hiyo ilikuwa imeshafika upana wa vidole viwili.

Alianza kunakili kwa mkono kutoka simu moja hadi nyingine. Neno la kwanza, la pili, la tano. Akapiga hesabu kichwani. Mia sita! Alisimama, akaketi, akasimama tena. Consolée akamwambia anamzibia mwanga. Sifa alipogeuka kwa hasira, simu ililala upande mkononi mwake, na ukurasa mzima ukalala nayo. Vidoti vitatu vikahamia. Sasa vilikuwa karibu na kidole gumba chake, upande wa chini wa simu, kwenye kioo kizima.

"Mama Consolée! Tazama!"

"Usiinyooshe! Ishike hivyo hivyo!"

Alibonyeza. Amri ikafunguka. Orodha yote ikajikunja kuwa faili moja, ndogo kuliko picha, na Sifa akaituma kwa Bluetooth mpaka kwenye simu mpya. Consolée akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Lakini simu mpya ilipoipokea na kuiingiza kwenye kamusi yake, kwl ilibaki kwl. Sifa aliandika tena, ikawa vilevile. Alifungua orodha kuhakikisha kama maneno yapo, akaanza kushuka nayo pole pole. Yalikuwepo. Maji ya kutawadha. Salamu kwa wanafunzi wa zamani. "Zimeni redio, mimi sina nguvu ya kushindana nayo." Aliyajua yote, mengi aliyaandika kwa mkono wake. Akafika kwenye herufi S, na hapo akakuta mstari asioujua.

Sfk: "Sifa, usiolewe Kabambare. Ukienda, ndipo nitakuwa bubu."

Aliusoma mara tatu. Kelele za soko zikawa mbali. Baba hakuwahi kuusema huo. Siku Heri alipoleta barua ya posa, baba aliandika kwamba amefurahi, akamshika mkono.

"Umeona nini?" Consolée aliuliza.

"Hapana kitu."

Consolée aliichukua simu mpya, akaitazama. "Kibodi yako iko kwa Kifaransa tu. Maneno ya baba yako yaliandikwa chini ya Kiswahili. Ongeza Kiswahili hapa." Akaongeza mwenyewe. Akaandika kwl, na sentensi ikatandazwa. "Unaona? Yalikuwa yanangojea luga yao."

Sifa alishukuru, lakini furaha haikumfikia. Alirudi kwa miguu, akipishana na baiskeli za mihogo. Kwa nini hakusema? Na kama hataki, kesho atamwozesha kwa moyo gani? Angeweza kuufuta mstari ule, ajifanye hakuuona. Aliweka kidole juu yake mara mbili njiani, akakiondoa mara mbili.

Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha kamba, peke yake. Alimpa simu mpya, ukurasa ukiwa wazi pale pale.

"Baba, hii ni nini?"

Mwalimu Ayoubu aliangalia. Masikio yakamwiva kama ya mtoto aliyekamatwa. Akaandika, na sauti ya mashine ikasema: "Niliiandika wakati wa Ramazani. Si ya kusema."

"Sasa ulihifadhi ya nini?"

"Ilikuwa inaniwasha. Nikaitoa mahali fulani."

"Basi nitamwambia Heri angoje. Mwaka moja tu, baba. Au asikuje kabisa."

Baba alipiga paja lake kwa kiganja, kwa nguvu, hata kuku wakatawanyika. Hakutumia kifupisho. Aliandika herufi kwa herufi, na Sifa alilazimika kusimama pale akingoja, mikono haijui iende wapi.

"Wewe ulinifunza kusema na hii," simu ilisoma. "Lakini watu wanazungumza na wewe, hawazungumzi na mimi. Iliasi anakuuliza wewe. Imamu anakuuliza wewe. Mimi pia nilizoea, ni rahisi. Kosa ni yangu. Nenda. Watajifunza kungoja."

"Na wasipojifunza?"

Alifikiri. Akaandika: "Nitawasumbua."

Sifa alitaka kucheka, akajikuta analia, na Shangazi Binti akawakuta hivyo, akamvuta mkono kwenda kwenye hina huku akilalamika kwamba bibi harusi gani huyu asiyekaa mahali pamoja.

Ijumaa, wanaume walijaa sebuleni na wengine wakabaki nje barazani. Sifa alikuwa chumba cha pili na wanawake, pazia likiwa wazi kidogo. Imamu alikuwa ameshasema kwamba kwa mtu aliyepoteza sauti, maandishi ya mkono wake mwenyewe mbele ya mashahidi yanatosha. Kifupisho kilikuwa tayari, Sifa alikiandaa wiki mbili zilizopita. Herufi tatu tu, na kila kitu kingekwisha.

Baba hakukitumia. Aliinamia simu, akaanza herufi ya kwanza. Dakika ikapita. Mtu akakohoa. Iliasi akajisogeza mbele: "Ndugu yangu anataka kusema kwamba..."

Mwalimu Ayoubu aliinua mkono mmoja bila kuinua macho. Iliasi akanyamaza. Wageni wa Kabambare wakatazamana, kisha wakatulia, na nyumba nzima ikasikiliza kidole kimoja kikigonga kioo. Nyuma ya pazia Sifa alikuwa amekunja ngumi juu ya hina yake. Miguu ilimtaka aende akamsaidie. Hakwenda.

"Mimi Ayoubu," simu ilisema mwishowe, "ninakuozesha wewe Heri mutoto wangu Sifa, kwa mahari muliyopatana, kwa ridaa yangu na yake."

Ilisema mutoto. Haikusahihisha.

Jumapili walisafiri, pikipiki tatu, barabara ya Kabambare imekatwakatwa na mvua. Kila walipopata mtandao Sifa alitazama simu yake, kisha mtandao ukapotea tena. Wiki ya kwanza hakulala vizuri. Alituma ujumbe, baba akajibu kwa vifupisho vilevile: yuko muzima, anakula. Hayo hayakumtuliza, kwa sababu maneno hayo yeye ndiye aliyeyaingiza.

Siku ya tisa, akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na wifi yake Aimée, simu yake ililia. Ilikuwa namba ya Shangazi Binti. Alipoipokea alisikia jogoo, sufuria, kisha sauti ya mashine, ikitoka mbali kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni.

"Sifa. Ni mimi. Nimeweka simu mbili pamoja. Ngoja."

Tangu operesheni baba yake hakuwahi kumpigia mtu yeyote. Sifa aliweka mchi chini. Aimée akauliza ni nani, Sifa akamwonyesha kwa kidole anyamaze. Alingoja. Ulikuja mlio mdogo wa kidole kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, kutoka Kasongo.

"Iliasi anangoja sasa. Anakasirika, lakini anangoja. Nimeongeza maneno kumi na moja mimi mwenyewe. Moja ilinishinda. Huko kwenu, ile samaki ndogo ya mutoni munaiitaje?"

Sifa alimgeukia Aimée, akamuuliza. Kisha akarudi kwenye simu, akaanza kumtajia baba yake jina hilo herufi kwa herufi, pole pole, apate kuliandika.