Mashine ya Kusoma Vichwa

Alhamisi mchana Nevena alitundika koti, akaketi mbele ya kompyuta katika chumba cha utafiti mjini Plovdiv, Bulgaria, akaelekezewa kamera usoni. Chuo kikuu kilikuwa kikiwachunguza wachezaji wa mchezo mmoja wa zamani wa kujenga vijiji. Kampuni yenye mchezo ilitaka kujua: uendelee, au uzimwe?

Nevena hakuwa na haja na vijiji. Kaka yake Metodi, aliyefia kiwandani, alikuwa akiishi humo mchezoni, katika nyumba ya mawe kando ya kisima. Mchezo ulipofunguka, Metodi alitoka kwenye skrini, akasalimia watu, akaonja kahawa yao.

“Hii mmechemshia soksi?” akauliza.

Msaidizi wa utafiti alimwomba Metodi asizibe kamera.

Mashine ya kusoma vichwa ikauliza kama mchezo uendelee, jibu likitolewa kwa kichwa tu. Nevena akatingisha kichwa kushoto na kulia, kwa nguvu, kama Mbulgaria yeyote anavyosema ndiyo; hapana yao ni kuinua kichwa na kukishusha. Waliomtangulia walijibu hivyo hivyo. Mashine, iliyofundishwa ng'ambo, ikaandika: hapana.

“Profesa, mmeandika kinyume,” Nevena akamwambia msimamizi wa utafiti.

“Mbinu imethibitishwa, bibie.”

“Kwa vichwa vya nani?”

“Vya kimataifa.”

“Basi wakachunguze hivyo vichwa vyao. Wewe mwenyewe si unajua nimesema ndiyo?”

Profesa Hadzhiev akakubali, akatingisha kichwa kushoto na kulia. Mashine ikamwandikia hapana yeye pia. Akaeleza kwa upole kwamba wakibadilisha mbinu katikati, matokeo hayatalingana na ya wenzao wa nje.

Nevena aliujua upole huo. Wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku nao waliulizwa kama wanakubali, kabla hakijauzwa. Walijibu wote, mama yake akiwa wa kwanza, kisha wakasomewa jibu ambalo hakuna aliyelitoa.

“Twende zetu, kaka,” akasema.

“Niende wapi, mdogo wangu? Kwangu ni humo.”

Jumatatu mchezo ukazimwa. Metodi alikuwa nje ya skrini akinywa kahawa, nyumba ikabaki ndani. Tangu hapo anakaa chumba cha utafiti, kwenye kiti karibu na hita, na Nevena humletea banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, ingali moto. Profesa amefurahi: ni nadra kumpata mshiriki asiyekosa hata siku moja.

Wiki iliyopita walimwelekezea kamera, wakamuuliza kama anaridhika na makazi yake mapya.

Metodi aliinua kichwa, akakishusha, akakiinua tena, taratibu, ili hata mashine ielewe.

Mashine ikaandika: ndiyo.