Dawa Isiyotikiswa

Mpwa wangu ana miezi saba na tunamwita Bosi, maana hafanyi kazi yoyote na sote tunamtumikia. Mwili wake hautengenezi kimeng'enya cha kuvunja sukari iliyowekwa akiba kwenye misuli. Sukari inarundikana, misuli inalegea, moyo unavimba. Kazaliwa nao ugonjwa huo. Kila baada ya wiki mbili anatundikiwa dripu ya kimeng'enya hicho, na tangu aanze, shingo yake inapata nguvu kidogo kidogo.

Siku moja tulipompeleka hospitali, muuguzi alimpima uzito, akapiga hesabu: chupa tatu. Na kwenye friji zilikuwemo tatu tu. Akatia maji kwenye unga wa kila chupa, akaziacha kwenye sinia unga uyeyuke wenyewe, kisha akaitwa kitanda cha pili.

Dada yangu alikuwa anambadilisha Bosi nepi. Mimi nikaona chupa moja ina unga umeng'ang'ania chini. Sasa, dawa zote za kikohozi nilizonyweshwa tangu utotoni zimeandikwa tikisa kabla ya kutumia. Nikaitikisa barabara, na kiuno nacho nikakitikisa.

Povu likajaa hadi shingoni mwa chupa. Ndipo nikaona karatasi ukutani: USITIKISE. Macho ninayo, ila kuyatumia ndiyo kazi.

Muuguzi aliporudi na bomba la sindano, povu lilikuwa limeshaanza kushuka. Ningenyamaza, asingejua mtu, na Bosi angepata chupa zake tatu.

"Sista, hiyo yenye povu nimeitikisa."

"Hebu tuondolee utani wako," dada akacheka.

"Dada, sitanii."

Muuguzi akaiinua kwenye mwanga. Kicheko cha dada kikakatika.

"Kimeng'enya ni kitu laini, kikitikiswa kinaharibika," muuguzi akasema. "Hii haiingii kwa mtoto."

Akampigia daktari. Jibu: apewe mbili leo, ya tatu iagizwe haraka, ikifika aitwe amaliziwe.

Dada akamshika Bosi mkono, sindano ikaingia, Bosi akapiga yowe la kibosi, dripu ikaanza tone kwa tone.

Muuguzi akafungua faili, akaandika huku anasoma: "Chupa moja imeharibiwa na mjomba."

"Andika mjomba gani," dada akasema, hata kunitazama hakunitazama. "Anao watatu. Wenzake wasisingiziwe."