Jina Ubavuni mwa Mashua

Haya alinisimulia Vera, yule Mkenya anayepika chai kwenye klabu ya mashua kule ziwani, Jumapili tulipokuwa tukichambua maharagwe hapa Makindye.

Olal, askari mstaafu, ndiye hupaka mashua za klabu rangi. Binti yake Abwola alipofariki, tajiri mmoja wa klabu alimruhusu mzee aandike jina la marehemu ubavuni mwa mashua ya huyo tajiri. Tangu hapo, kila mashindano, mzee husimama ufukweni akiita, "Abwola, rudi nyumbani!" Na mashua hurudi.

Mwaka huu kampuni ya saa za bei ghali ikadhamini mashindano. Olal akaambiwa afute jina lile, aandike la saa kwa rangi ya dhahabu. Akaandika, moyo ukimuuma.

Siku yenyewe mashua ikaja ikiongoza, watu wakishangilia jina la saa. Olal akabaki akiitazama ile rangi ya dhahabu.

"Ita, Afande," Vera akamwambia. "Kwani mashua inajua kusoma?"

Mzee akacheka, akaita. Dada wa kampuni ya saa akamvisha kofia yenye jina la saa, akaligusa kwa kidole. "Mzee, jina ndilo hili hapa!"

"Asante, mwanangu," akajibu, akazidi kumwita Abwola mpaka mashua ikagusa gati.

Jioni, nyumbani kwake, sauti ilikuwa imemkauka. Akajilaza ameuelekea mlango, akasikiliza kama kuna hodi, akasikiliza, hadi usingizi ukamchukua.