Shemeji Alivyopimwa Badala Yangu

Wanaosema mwaka ule nilikufa mara mbili wanatia chumvi. Nilikufa mara moja na nusu tu. Mapafu yaligoma, nikazindukia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, bomba limeingizwa shingoni, mashine ya kupumulia inanijaza upepo kama tairi. Kusema siwezi. Nikapewa kibao cheupe na kalamu niandike shida zangu.

Bomba nililizoea. Kilichonishinda ni sindano. Asubuhi, mchana na jioni daktari alinichoma kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapodunda, atoe damu ikapimwe oksijeni na kaboni, ile hewa chafu tunayoitoa. Sindano ile inaingia mpaka unamwona marehemu bibi yako, na anakuuliza umefuata nini. Mikono ilikuwa imetoboka hivi kwamba upepo ukivuma inapiga mluzi.

Ndipo kikaletwa kifaa kipya: kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni, na kidude kama kifungo cha koti, kinachobandikwa kwenye ngozi, kinaipasha joto na kusoma kaboni bila kumtoboa mtu.

"Mzee," daktari akaniambia, "hiki kikikubaliana na damu mara tatu mfululizo, sindano basi. Kikikosea, tunaendelea kukuchoma."

Mara ya kwanza vikakubaliana. Ya pili vilevile. Ikabaki ya saa nane mchana.

Sasa, kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mizani ya malori, miaka thelathini na mmoja. Ujanja wote wa madereva naujua, na ndio ulioniponza. Kwangu mimi, lori likisoma jepesi linapita. Nikawaza: kaboni ikisoma ndogo, daktari atafurahi, sindano kwaheri. Nikasahau kwamba daktari hakutaka wepesi. Alitaka vipimo viwili viseme kitu kimoja.

Saa saba akaingia shemeji, mume wa dada yangu. Pande la mtu, shingo kama gogo, hajawahi kumeza hata kidonge. Joho la wageni lilimfika nusu ya tumbo likakata tamaa.

"Dada yako kanituma nikae nawe mpaka saa tisa," akasema. "Nikitoka mapema, leo nalala nje."

Nikaandika: NISHIKIE HIKI. KINANIWASHA.

"Nikiweke wapi?"

MKONONI. NA KIBANIO KIDOLENI. USISEME.

"Wewe hata shingo ikitobolewa huachi mambo yako!" Lakini alinihurumia. Akajibandika, nami nikapitisha waya chini ya shuka.

Skrini ikatafakari dakika kumi, kisha ikasoma kama ya malaika: oksijeni tisini na saba, kaboni arobaini. Nikatabasamu mpaka masikioni.

Kisha shemeji akalala. Yule halali, anazima. Koromo la kwanza lilitikisa chupa za dripu. La pili likasogeza kitanda. La tatu halikuja. Kifua kimesimama, mdomo wazi, kimya. Oksijeni tisini. Themanini na nne. Sabini na tisa. Kaboni nayo inapanda. King'ora kikalia. Shemeji akafurukuta, akavuta hewa yote ya chumba mpaka mashine yangu ikabaki inahema, akazima tena.

Daktari akaja mbio na sindano. Nikaandika SIYO MIMI, hakuna aliyesoma. Akanichoma. Damu ikapimwa palepale kwenye kona ya chumba.

"Oksijeni safi, kaboni arobaini na sita," daktari akasema, ananyanyua macho kwenye skrini. "Na hiki kinasema mzee anakata roho. Muuguzi, kirudishe stoo. Tutaendelea na sindano."

Muuguzi akaanza kuviringisha waya. Hapo ningeweza kunyamaza na kutunza heshima yangu. Lakini niliutazama mkono wangu, nao ukanitazama. Nikaandika kwa herufi za bango: FUATA WAYA.

Muuguzi akaufuata. Ukapita chini ya shuka, ukavuka ukingo wa kitanda, ukaishia kwenye mkono mnene usio wangu.

"Mzee! Na mvi zote hizo!"

Daktari hakunigombeza. Alikuwa amesimama mbele ya shemeji, ameshika saa yake. "Sekunde arobaini hajavuta pumzi," akasema taratibu. "Huyu bwana nyumbani analala na nani?"

NA DADA YANGU, nikaandika. MASKINI.

Wakanirudishia kidude kifuani. Dakika kumi nyingine, roho mkononi. Kikasoma: kaboni arobaini na sita. Sawasawa na damu.

"Mara tatu," daktari akasema. "Na juu yake kimenikamatia mgonjwa aliyekuja kutazama mgonjwa. Mzee, sindano zako zimekwisha."

Zangu, ndiyo. Shemeji alizinduka akakuta daktari kamshika kifundo.

"Shemeji, kuna nini hapa?"

"Tunakuchoma kidogo tu," muuguzi akamtuliza.

Ukelele alioutoa uliwaamsha watu watatu waliokuwa hawana fahamu tangu wiki iliyopita, na mmoja wao akadai suruali yake aende kazini.

Siku hizi shemeji analala na barakoa ya kumsukumia hewa, na dada yangu anasema ndio kwanza amejua usiku una utulivu. Shemeji mwenyewe hajanishukuru. Ananitembelea, tunacheka, lakini hakai karibu nami bila kuficha mikono mifukoni.