Mikono Aliyoitaka Hajiya Mairo

Bagia zilikuwa bado zinachemka kwenye mafuta pale Sanusi alipofika mbio, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Hakuna cha salamu wala nini. Alisema mama yake, Hajiya Mairo, amefariki alfajiri, atazikwa baada ya sala ya alasiri, na Habiba anatakiwa akamwoshe.

"Nani akamwoshe?"

"Wewe, dada. Ameusia mwenyewe, tukiwepo mimi na Goggo Tasalla. Alisema dada yangu Azara asimguse. Aoshwe na Goggo na wewe, basi."

"Mimi, Habiba?"

"Kwani kuna Habiba mwingine anayekaanga bagia hapa?"

Habiba akazima moto, akaziacha bagia zikinywa mafuta. Alitaka kulia, maana alimpenda yule mama kuliko alivyowahi kumwambia, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni woga. Yeye kuosha maiti! Alikuwa na mwaka mmoja na kitu tu katika Uislamu. Kabla ya hapo aliitwa Pokua, binti wa Kiashanti, mwimba kwaya, na kwao mtu akifa hafanyiwi haraka. Bibi yake mzaa mama alikaa kwenye friji ya hospitali miezi na miezi, watu wakishona nguo nyeusi na nyekundu na kutafuta bendi ya kupiga siku ya maziko. Huku zongo, mtaa wa Waislamu wa Obuasi, hapa Ghana, jana unakunywa uji na mtu, leo jioni yuko chini ya udongo. Hata hilo alikuwa hajalizoea, sembuse kumwosha.

Na huyu hakuwa maiti tu wa hivihivi. Hajiya Mairo ndiye aliyemfundisha kila kitu. Jumapili alasiri aliwakusanya uani kwake wanawake walioingia dini ukubwani: wake za watu, mama mmoja muuza samaki, binti mmoja nesi. Alichagua Jumapili kwa sababu, alisema, siku hiyo mmeshazoea kuwa na miadi na Mungu, msije mkapotezana. Hakuanza na moto wa Jahanamu kama wale wanaopenda kutisha watu. Alianza na birika la maji. Huu mkono, hiki kiwiko, haya, mdomo, pua, taratibu mwanangu, hilo ni sikio lako si sufuria. Ndipo akaja kwenye shahada, sala, zaka, saumu na hija. Akawasimulia jinsi Mtume alivyofukuzwa Makka akiwa mtu mzima na akaanza upya ugenini, na jinsi Bilali, mtu mweusi kama wao, alivyopandishwa juu kuadhini, wakubwa wa mji wakimtazama kutoka chini.

Ukikosea hakukusimanga. Ukiuliza swali la kijinga, alisema hata yeye aliwahi kuliuliza, nao walicheka, wakijua anawafariji tu. Hajiya Mairo aulize nini? Alikuwa binti wa shehe wa Kano, kwa Wahausa wa Nigeria, dini ameinyonya kwa mama yake. Mtaa mzima ulijua hivyo, na binti yake Azara alihakikisha kwamba asiyejua anajulishwa.

Mwezi uliopita ndipo alipowafundisha kuosha maiti, kwa mto mrefu wa kulalia. Habiba akaanza upande wa kushoto. "Umemwosha kinyume, huyu atainuka akudai," Hajiya alisema, na darasa zima likaangua kicheko. Sasa Habiba alikuwa akikimbia nyuma ya Sanusi, akijaribu kukumbuka kinachofuata nini na nini, na hakukumbuka chochote isipokuwa kicheko kile.

Ua ulikuwa umejaa wanawake, wameketi kwenye mikeka. Azara alisimama mlangoni pa chumba cha kuoshea, mwanamke wa makamo, mwembamba, macho yamemwiva kwa kulia.

"Karibu, Mwislamu wa juzi," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Pole sana, dada Azara. Mungu amrehe..."

"Usinipe pole. Niambie, ulimlisha nini mama yangu? Maana mimi binti yake wa kumzaa nipo, Kurani nimehitimu tangu msichana, halafu mtoto wa shehe wa Kano aoshwe na mkaanga bagia ambaye hata Fatiha inampiga chenga! Nguruwe amekutoka tumboni kweli wewe?"

"Azara, jamani, basi," mama mmoja alisema kutoka mkekani. Mwingine alicheka chinichini, akajifanya anakohoa.

Uso ulimwaka Habiba. Hata yeye alikuwa akijiuliza lilelile njia nzima.

"Wasia ni wasia," Sanusi alisema. "Mpishe, dada. Muda unakwenda."

Azara akampisha, lakini kwanza akamsogelea sikioni. "Ukikosea kitu kwa mama yangu, wallahi, hukanyagi tena ua huu."

Ndani kulikuwa na harufu ya karafuu maiti. Goggo Tasalla, shangazi wa wote na mwosha wa mtaa huu tangu Habiba hajazaliwa, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ndoo. Macho yake yalikwishaingia ukungu, watu aliwatambua kwa sauti.

"Mimi nitamimina na kuelekeza," alisema. "Mikono ni yako. Funga mlango."

Hajiya Mairo alikuwa amelazwa ubaoni, amefunikwa shuka. Alionekana mdogo, kana kwamba mwili wake wote wa kawaida ulikuwa ni nguo. Habiba alisema bismillahi, sauti ikamkwama katikati, akairudia. Akamvua chini ya shuka kama alivyofundishwa, akajifunga kitambaa mkononi, akaminya tumbo polepole, akasafisha, akamtawadhisha. Kila hatua ilikuja na hofu yake. Maji yakiingia puani je? Akiruka kitu je? Huyu mama atafika mbele ya Mola wake na josho bovu, na kosa liwe la nani? La Pokua wa kwaya! Kijasho kilimteremka hadi kwenye nyusi, akaogopa kisije kikamdondokea maiti.

"Kulia kwanza," Goggo alisema.

Habiba akanyoosha mkono.

"Wee! Maji nayasikia yanaangukia upande wa ukutani. Kulia kwake, mwanangu, si kwako! Si umesimama miguuni?"

"Astaghfirullah! Goggo, nimeharibu?"

"Hujaharibu. Anza tena. Maji tunayo."

Akaanza tena, maji ya majani ya mkunazi, bega, mkono, ubavu. Akapumua kidogo. Akahamia upande wa pili, akapitisha kitambaa chini ya shuka, akainua titi la kushoto ili maji yapite, na hapo mkono wake ukasimama.

Chini ya titi kulikuwa na chale tatu fupi, zimepangana, na kando yake kovu la mviringo la kuchomwa. Zilikuwa za zamani sana, za utotoni.

Habiba alizijua. Mama yake mdogo, Afra, alikuwa nazo, palepale. Kijijini kwao mwanamke akizika watoto mfululizo, yule anayefuata hupelekwa kwa kuhani wa mizimu. Anachanjwa chale tatu na kuchomwa chini ya titi, anapewa jina la kudharaulika, ili kifo kimwone hana thamani, kimpite. Mama mdogo Afra jina lake la huko lilikuwa Jalala, na kifo kweli kilimpita hadi akazeeka. Mambo hayo ni ya Waashanti wa msituni, ni ya kwao akina Pokua. Kano hayapo. Hayapo kabisa.

Mtume! Habiba alibaki ameinama, maji yakimdondoka viganjani. Shehe wa Kano hakuwepo. Aliyekuwepo ni mtoto aliyewekwa chini ya mizimu katika kijiji kama chao, ambaye siku moja alifika ukubwani kwenye ua wa mtu akafundishwa kushika birika, huu mkono, hiki kiwiko. Yale maswali ya kijinga alikuwa ameyauliza kweli. Kisha akajitungia baba, akajitungia mji, akazaa, akazeeka, na maisha yake yote alikuwa akijifunika asije mtoto wake akaona. Habiba alimwonea huruma.

"Mbona kimya?" Goggo aliuliza. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Goggo."

"Vizuri. Mwosha akiona zuri atalisema. Akiona jingine, atalizika na mwenyewe. Hiyo ni amana, na Mungu atakuuliza." Maji yakamiminika tena. "Haya, endelea."

Kuanzia hapo hofu ilihama. Mikono ilitulia, ikajua kazi, ikamalizia kwa maji ya karafuu maiti, ikasuka nywele mafundo matatu, ikavalisha kanzu na ushungi na kukunjia sanda. Kilichomtisha sasa ni mdomo wake mwenyewe. Habiba alikuwa mtu wa sokoni, alijijua. Neno lilikuwa halimkai tumboni, na hili lilikuwa zito kuliko yote aliyowahi kuyabeba.

Uso waliuacha wazi kwa ajili ya kuagwa. Goggo akatoka kwenda kuoga, na Azara akaingia peke yake.

Aliinama akambusu mama yake kwenye paji la uso, akakaa hivyo kitambo. Alipoinuka, ule ukali wa mlangoni haukuwepo.

"Umeona nini?" aliuliza taratibu.

"Nimemwona ametulia, dada. Ana nuru."

"Uso nauona mwenyewe. Nakuuliza mwilini. Mtu hamkatazi mwanawe bure. Tangu nimepata akili hajawahi kuvua nguo nikiwa karibu. Alipougua nikataka kumkanda, akanifukuza kama mwizi. Alikuwa na kidonda? Kuna mtu alimwumiza?"

"Kidonda sijaona."

"Basi kuna kitu kingine."

"Dada, wanaume wanangoja."

"Nilimkosea nini?" Sauti ya Azara ikapasuka. "Nimempikia, nimemfulia, nimekaa naye mpaka pumzi ya mwisho. Akataka mikono yako. Nilimkosea nini mimi, Habiba? Niambie!"

Hapo ndipo Habiba alipokaribia kushindwa. Matusi alikuwa amejiandaa nayo, kilio hakujiandaa nacho. Sentensi moja ingemponya huyu mwanamke: hakukukataa, alikuonea haya, aliogopa utamdharau. Na tusidanganyane, kulikuwa na utamu mwingine pia ndani ya sentensi hiyo, utamu wa kumwonyesha Azara mbele ya mikeka yote ile nani ni mtoto wa Mwislamu wa juzi. Ulimi ulimwasha.

"Dada, mama yako..." alianza.

"Mama yangu nini?"

Hajiya Mairo alikuwa amelala kati yao, taya limefungwa kwa kitambaa. Habiba akamtazama, akaona kwamba hata nusu ya neno itatosha, nusu ya pili Azara ataivuta mwenyewe kwa meno.

"Mama yako alikupenda," alisema.

"Mwongo we! Basi nitajionea mwenyewe." Azara akaishika sanda kifuani, akavuta. Fundo likalegea.

Habiba hakufikiri. Alimdaka kifundo cha mkono akakibana kwa nguvu zake zote, na mkono uliozoea kukanda unga wa kunde kila alfajiri si wa mchezo. Wakasimama hivyo juu ya maiti, wanahema, nyuso zimekaribiana.

"Niachie! Ni mama yangu!"

"Najua ni mama yako. Sikuachii."

"Jamani, mmemaliza?" Sanusi aliita nje. "Imamu amefika."

Azara akaiachia sanda. Akautoa mkono wake, akausugua pale vidole vilipomwuma, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alipozungumza alizungumza kwa utulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko kelele.

"Nisikilize vizuri. Darasa la mama nitalishika mimi, na wewe usije. Vaa ushungi mpaka ufe, badili jina utakavyo. Wewe si wa kwetu, Pokua, na hutakuwa wa kwetu. Yule ni damu ya mashehe. Wewe ni mtoto wa mizimu ya msituni, na mizimu hiyo haitoki ndani ya mtu."

Habiba alimtazama mwalimu wake usoni kwa mara ya mwisho. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, dada," alisema.

Kisha akalikaza fundo, akaufunika uso wa Hajiya Mairo, akawaita wanaume waje kubeba.