Mgeni wa Kurudi Nyumbani

Siku chuo chetu cha Tarpley kilipotangaza kwamba kinapanda daraja, mkuu wa chuo alituhutubia mpaka barafu ikayeyuka kwenye chai zetu za baridi. Anaitwa Daktari Ellingsen, mtu wa Minnesota, mrefu, mwenye meno mengi, na alikuwa hajamaliza hata mwaka hapa Alabama. Alitueleza kuwa ligi yetu ya zamani inakufa. Vyuo vyenye misuli vinaihama kimoja baada ya kingine, vikifuata pesa za televisheni kama kuku wanavyofuata mtama, na atakayebaki nyuma atazikwa nayo. Sisi tutahamia daraja la juu, kwenye ligi iitwayo Pwani Kumi. Ligi hiyo ilikuwa na vyuo kumi na vitatu, na vinne kati yake havijawahi kunusa bahari, lakini siku hiyo hakuna aliyetaka kuhesabu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu mimi, Royce Kimbrough, ndiye mtangazaji wa kipaza sauti pale uwanjani, na niliona sasa sauti yangu itasikika mpaka kwa wakubwa.

Halafu ratiba ikatoka. Halbert hawamo.

Halbert ni chuo cha mji wa ng'ambo ya mto. Wao na sisi ni watani wa jadi tangu babu zetu walipokuwa wakicheza futiboli hii ya kubeba mpira na kuangushana bila kofia kichwani. Kila mwaka tulikutana, na kila mwaka mchungaji wa mji ulioshindwa alipanda mimbarani Jumapili amevaa tai ya rangi ya washindi. Mchungaji wao alikuwa amevaa zambarau yetu miaka kumi na tisa mfululizo, mpaka ile tai ikachanika na tukamnunulia nyingine. Sasa Daktari Ellingsen anatuambia kwamba kuifunga timu ya daraja la chini hakutusaidii kitu.

Mke wangu Nelda ni wa Halbert, damu na mifupa. Nilimvusha mto nikiwa kijana na hajanisamehe. Lakini aliyeumia zaidi ni baba yake, Hoyt Gandy, mzee wa miaka tisini na moja aliyewahi kuichezea Halbert na kuvunjwa pua mara tatu na watu wa Tarpley. Mzee huyu alikuwa ameweka nadhiri mbele ya ukoo mzima kwamba hafi mpaka Halbert waifunge Tarpley. Madaktari walimwambia moyo umechoka. Akawaambia wakawaambie Tarpley. Na Nelda, ambaye haogopi nyoka wala kodi, aliiamini nadhiri ile kama Injili.

Tulipompelekea habari ya ratiba alicheka kwanza. Akasema basi tumemhukumu kuishi milele, na tutachoka sisi kabla yake. Nikacheka naye. Ila Agosti ilipoingia akaanza kusukuma sahani. Nelda alimpikia kambare wa kukaanga, akala mkia akaacha. Akamkaangia bamia, hakuzigusa. Siku moja nilimsikia akimwambia binti yake, kwa upole ambao haukuwa wake, "Mwanangu, kituo cha treni kikifungwa, abiria anakwenda zake."

Nelda alilia jikoni. Mimi nilikwenda kukata nyasi ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Msimu ukaanza. Hapa inabidi niseme neno kuhusu Siku ya Kurudi Nyumbani, maana kila kitu kimetokea hapo. Mara moja kwa mwaka kila chuo huwaita watu wake wa zamani. Kunakuwa na gwaride mjini, binti mmoja anavishwa taji la malkia wakati wa mapumziko, na wanaume wenye vitambi wanaimba wimbo wa chuo huku machozi yanawatoka. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kulia mara mbili siku moja, chuo huchagua mgeni ambaye kina hakika ya kumfunga. Hakuna anayelisema hilo hadharani. Kualikwa kwenye Kurudi Nyumbani ya mwenzako ni kuitwa kibonde kwa heshima zote. Sisi tuliwaalika Halbert mara nyingi tu, na tuliwapa karanga za kuchemsha kabla ya kuwachapa.

Mechi yetu ya kwanza ya ugenini katika Pwani Kumi, tulikuta gwaride. Tukaona ni bahati, tumefikia sherehe. Tukafungwa vibaya. Mechi ya pili ya ugenini tulikuta gwaride lingine, malkia mwingine, na vitambi vingine vinalia. Ya tatu nilimuuliza mama mmoja wa Louisiana aliyekuwa amevaa ua kifuani kama leo ndiyo siku yao kubwa. Akanishika bega akaniambia ndiyo, mpenzi, na tunashukuru sana mmekuja. Nilijua tumekwisha. Ligi nzima ilikuwa imetupangia siku hiyo. Tulikuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia kunyoa.

Habari zilivuka mto kabla basi letu halijarudi. Nilimkuta baba mkwe amekaa wima barazani, amenyoa ndevu.

"Mkwe," akaniita, "hebu nieleze. Malkia wa Louisiana alivaa nguo gani?"

Nikamweleza. Akataka na wa Georgia. Akataka kujua kama bendi zao zilikuwa na tarumbeta nyingi, na kama walitugawia karanga. Nilipofika kwenye matokeo alimwita Nelda amletee chakula, akala kambare wawili na kusafisha sahani kwa mkate wa mahindi. Tangu siku ile nilikwenda kila Jumapili kumsomea aibu zetu, naye akala. Nelda alinibusu mlangoni akasema niwaambie vijana waendelee kufungwa hivyohivyo, wanaponya watu.

Kisha zamu yetu ya kufanya Kurudi Nyumbani ikakaribia, na mgeni tuliyemchagua akatutoroka. Chuo hicho nacho kilikuwa kimehama ligi, ligi mpya ikakivurugia ratiba, na kikatuomba radhi. Watu wetu wa zamani walikuwa wameshajaza kila hoteli mpaka barabara kuu. Nguruwe wa kuchoma wameshaagizwa. Daktari Ellingsen akatafuta timu yoyote yenye Jumamosi tupu na iliyo karibu, na alipoipata uso ukamshuka. Ilikuwa Halbert.

Kule Halbert hakuna kinachotikisika bila chama cha wachezaji wa zamani, na mwenyekiti wa chama ni Hoyt Gandy. Kwa hiyo mkuu wa chuo akaniomba nimpeleke kwa mkwe wangu. Njiani alinieleza kwamba itakuwa rahisi, wale watu watafurahi tu kukumbukwa. Nikamwambia avae tabasamu dogo kidogo.

Mzee alitupokea barazani, akamkalisha mkuu wa chuo kwenye kiti kibovu makusudi. Akamwacha aongee. Ellingsen aliongea juu ya undugu, juu ya mto mmoja, juu ya mila. Alipomaliza, mzee alimtazama mpaka kiti kikaanza kulia chini yake.

"Tutakuja," alisema. "Ila iwe Kurudi Nyumbani yetu."

"Lakini mzee, mechi ni kwetu. Watu wameshakata tiketi."

"Uwanja kaa nao. Nyasi zako, taa zako, choo chako. Sisi tutaleta gwaride letu, malkia wetu na wazee wetu. Na huyu mkwe wangu atatukaribisha nyumbani kwa kile kipaza sauti chake. Kwa maneno hayohayo."

Hapo ndipo mtu yeyote aliyezaliwa kusini angeinuka na kuchukua kofia yake. Chuo kinachofanya Kurudi Nyumbani kwenye uwanja wa mwenzake kinamwambia mwenzake kwamba hapa pia ni kwetu, na wewe ni kibonde hata sebuleni mwako. Daktari Ellingsen hakuona hayo. Aliona sherehe mbili kwa mpigo mmoja. Alicheka na meno yake yote, akasema wazo zuri sana, akampa mzee mkono.

Ningeweza kumzuia. Nilikuwa na kikohozi tayari kooni. Lakini nilimwangalia mzee, nikaona mashavu yake yamepata rangi ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka uliopita, nikakimeza kikohozi changu. Mkuu wa chuo alikuja kuelezwa maana yake na kinyozi wake, siku iliyofuata, nusu ya kichwa ikiwa bado haijanyolewa. Mkono ulikuwa umeshatolewa, na huku kwetu mkono ukitolewa barazani hauvunjwi.

Jumamosi ile magwaride mawili yalikutana mbele ya benki, letu likielekea uwanjani na lao likitoka darajani. Malkia wetu alikuwa juu ya gari la wazi, wa kwao alikuwa juu ya trekta la kijani, rangi ya Halbert. Hakuna aliyekubali kupisha. Bendi zilipigiana ana kwa ana mpaka wapuliza tarumbeta wakaishiwa pumzi, na mwishowe trekta likapita kwa sababu ni trekta.

Nami nikapanda kibandani kwangu, nikawasha kipaza sauti, nikatazama watu wangu wa zambarau ambao nimewatangazia tangu nina nywele. Nikasema, "Halbert, karibuni nyumbani."

Walinizomea mpaka vioo vikatetemeka. Mtu mmoja aliyekuwa msimamizi wa harusi yangu alinirushia mfupa wa mbavu. Chini kidogo ya kibanda, upande wa kijani, baba mkwe aliinua kofia yake akanipungia kama rais. Nelda alikuwa kando yake, na ni yeye peke yake kati ya watu wa Halbert ambaye hakuwa akicheka.

Nilielewa mechi ilipoanza. Vijana wetu walikuwa wamebondwa msimu mzima na majitu ya Pwani Kumi. Mmoja alicheza na goti lililofungwa, mwingine alichechemea, na mrusha mpira wetu alitupa kwa watu wa kijani mara mbili. Halbert walikuwa hawajachoka na wana njaa ya ushindi. Kadiri alama zao zilivyopanda, ndivyo Nelda alivyozidi kunywea. Mechi ilipokuwa imekufa baba yake alikuwa akizimika kwa kukataa chakula. Mechi ilipofufuka ikamfungulia mlango wa kutokea: Halbert wakishinda, nadhiri imetimia na mzee yuko huru kufa. Alikuwa ameomba maisha yake yote Halbert washinde, na sasa walikuwa wanashinda.

Ikafika sekunde za mwisho, Halbert wanaongoza kwa alama mbili. Sisi tulikuwa na mkwaju mmoja wa alama tatu, mpira upite kati ya milingoti, basi. Mpigaji wetu akakimbia, akapiga, mpira ukapanda vizuri.

Na pale chini ya kibanda changu, mke wangu alisimama ndani ya koti lake la kijani akapiga kelele, "Ingia! Ingia, tafadhali, ingia!"

Mpira ukagonga mlingoti ukarudi uwanjani.

Sitaeleza kelele za watu wa kijani. Nilifungua dirisha nikawatazama wale wawili tu. Mzee alikuwa ameketi bado, mikono magotini, macho yamefumba. Nelda alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshika kifundo cha mkono kama muuguzi. Niliacha kutangaza. Nilitaka yale macho yafumbuke kuliko nilivyowahi kutaka ushindi wowote, na nasema hivyo mimi ambaye nimelia kwa ajili ya futiboli kanisani.

Yakafumbuka, kwa sababu Daktari Ellingsen alikuwa amekuja kupeana mikono. Alisema hongera, akasema ilikuwa njia nzuri ya kuagana.

"Kuagana?" mtu akauliza nyuma yake.

Alikuwa mchoma nyama wetu mkuu, tena nyuma yake walisimama wachoma nyama wengine, walimu wa zamani, wenye maduka, na mchungaji wetu akishika shingo yake kana kwamba tai ya kijani imeshambana. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi sisi si washindani. Walimzunguka yule bwana wakamuuliza kama anadhani mji huu utakwenda kaburini huku Halbert ndio waliofunga mwisho. Akaanza kueleza mambo ya daraja. Wakasogea. Akaeleza mambo ya televisheni. Wakasogea tena. Alipofika kwenye gari lake alikuwa ameahidi mechi mwakani, na mwaka unaofuata, na kila mwaka mpaka tulipize, na baada ya hapo Halbert nao watataka kulipiza.

Mzee aliyasikia yote akiwa ametulia kwenye kiti chake. Ndipo nilipomjua. Alikuwa amejua tangu barazani kwamba ukitaka mtu arudi, mfunge nyumbani kwake.

Niliwarudisha ng'ambo jioni. Nelda alikaa nyuma na baba yake. Nilipomtazama mke wangu kwenye kioo niliona anakusanya ujasiri.

"Baba, na ile nadhiri?"

"Imetimia," mzee akasema. "Sasa ningeweza kwenda. Lakini hawa wanakuja kulipiza mwakani, na nikifa kabla, Tarpley watasema nimekimbia." Akakohoa kidogo. "Ila kuna jambo nauliza. Mpira ule wa mwisho nilisikia mtu wa kijani anaubembeleza uingie. Karibu kabisa na sikio langu."

Nikapunguza mwendo bila sababu.

"Ulikuwa upande wa nani, Nelda?"

"Wako, Baba."

Tukamaliza daraja. "Mwakani utakaa mbali nami," akasema, lakini alikuwa ameushika mkono wa binti yake, na hakuuachia mpaka nilipozima gari mlangoni kwake.